Tunu za kampuni kwa fundi wa miaka 57 na karani wa miaka 23

Mzigo umefika ghalani saa kumi na moja jioni. Hati inasema katoni 240, zilizohesabiwa ni 236, na dereva anataka saini aondoke kabla foleni haijamkamata. Ukutani kuna bango la tunu za kampuni, yaani maadili ambayo kampuni imesema inayafuata, na tunu ya kwanza ni Uadilifu. Mpokeaji mmoja atakataa kusaini mpaka mkuu wa ghala aje. Mwingine atapiga picha ya hati, airushe kwenye kundi la WhatsApp, kisha asaini. Wa tatu atasaini kwanza na kupatana na dereva kwamba katoni nne zitaletwa kesho. Ukiwauliza, wote watatu watakwambia wametenda kwa uadilifu, na hakuna anayedanganya.

Neno limewafikia wote. Tendo halijamfikia yeyote. Kampuni yenye watu wa miaka 22 hadi 59 ikigundua hali hii huwa na haraka ya kulaumu umri: wazee wana mazoea yao, vijana hawashiki kitu. Umri una sehemu yake katika jambo hili, lakini ni ndogo kuliko inavyosemwa kwenye semina, na anayeanzia hapo hujikuta ametengeneza mabango matatu kwa vizazi vitatu huku katoni zikiendelea kupungua.

Majina ya vizazi na kasoro zake

Mgawanyo unaotumika sana ni huu: Boomers waliozaliwa 1946 hadi 1964, kizazi X cha 1965 hadi 1980, Millennials wa 1981 hadi 1996, na kizazi Z cha 1997 hadi 2012. Mipaka hiyo imekatwa kwa kufuata historia ya Marekani, kuanzia wingi wa watoto waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Hata huko kwao imetiliwa shaka. Mwaka 2012 uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi ulikuta tofauti ndogo sana, au hakuna kabisa, baina ya vizazi katika kuridhika na kazi, kujitoa kwa mwajiri na nia ya kuacha kazi. Mwaka 2020 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilichapisha ripoti iliyoona kwamba makundi haya hayana ushahidi wa kutosha kuwa msingi wa kusimamia wafanyakazi. Kituo cha utafiti cha Pew, ambacho kilieneza sana mipaka hiyo, kilitangaza mwaka 2023 kwamba kitapunguza kuitumia.

Shida ni kwamba mambo matatu hufungwa fungu moja. Kuna umri wenyewe: mtu wa miaka 24 asiye na watoto shuleni hupima hatari ya kufukuzwa kazi tofauti na mwenye watoto watatu, na ndivyo ilivyokuwa hata kwa vijana wa 1985. Kuna wakati tunaoishi: bei zikipanda, zinampandia kila mtu. Na kuna kizazi, yaani yale waliyopitia pamoja watu waliokua kipindi kimoja. Hili la tatu lipo kweli, ila kwetu mistari yake haipiti pale ilipopita Marekani.

Chukua Tanzania. Mhitimu wa kidato cha sita wa kabla ya 1994 alipitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Mwaka huo utaratibu ukasitishwa, ukarudishwa 2013. Kwa hiyo ofisini unaweza kumkuta mwenye miaka 54 na mwenye miaka 28 wamepiga kwata wote wawili, na wa miaka 40 aliyekaa katikati yao hajui chochote kuhusu hilo. Aliyeanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1980 kwenye shirika la umma aliona ubinafsishaji wa miaka ya 1990: mwekezaji kaingia, wenzake wamepunguzwa, kaulimbiu mpya imetundikwa pale ilipokuwa ya zamani. Mtu huyo akiitwa ukumbini kusikiliza tunu mpya, huwa anajiuliza zitadumu mpaka mkurugenzi yupi. Ana kumbukumbu, na kampuni inayomwita mpinga mabadiliko inapoteza msikilizaji ambaye angeweza kuwa shahidi wake bora.

Kijana naye huchukuliwa vibaya. Husemwa hana uaminifu kwa kampuni. Angalia mkataba wake. Katika kampuni nyingi za Afrika Mashariki walioajiriwa zamani ndio wa kudumu, na walioingia karibuni wana mkataba wa mwaka mmoja, wa miezi sita, au ni vibarua wa siku. Tunu inayosema "Sisi ni familia moja" ikisomwa na mtu ambaye mkataba wake unaisha Desemba ina maana nyingine kabisa. Kabla ya kusema vijana hawajazipokea tunu, panga majibu yao kwa aina ya mkataba badala ya mwaka wa kuzaliwa. Mara nyingi pengo la umri hupungua hapohapo.

Tendo moja kwa watu wote

Kampuni ikiwa na tunu zaidi ya tano, wafanyakazi hushika mbili za mwanzo na kuziacha nyingine. Tatu hadi tano zinatosha. Kila moja iandikiwe matendo mawili au matatu kwa kila kitengo, kwa kuwa uadilifu wa ghalani haufanani na uadilifu wa wauzaji wa mtaani au wa dawati la malipo. Sentensi ya tendo iwe na sehemu nne: nani, wakati gani, anafanya nini, na kampuni iko tayari kugharamia nini.

Kwa ule mzigo wa jioni sentensi inakuwa hivi: "Mpokeaji akikuta upungufu, anauandika kwa idadi kwenye nakala zote za hati mbele ya dereva, wote wawili wanasaini penye upungufu, ndipo gari linaondoka. Gari likichelewa kwa sababu hiyo, mpokeaji halaumiwi." Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ndiyo inayobeba uzito. Karani anajua uadilifu ni mzuri. Asichokijua ni kama meneja wa usafirishaji atamfokea kesho asubuhi. Tunu ambayo kampuni haijasema iko tayari kupoteza nini kwa ajili yake, mfanyakazi hulazimika kuigharamia mwenyewe, na wengi hawawezi.

Iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na wanaofanya kazi hiyo. Utaratibu wa kuajiri mshauri akaandika kwa Kiingereza, kisha karani wa masjala akapewa kutafsiri, huzaa sentensi ambazo hakuna anayezisema kazini. Kipimo chake ni chepesi: mpe mtu wa kitengo hicho asome mara moja, kisha karatasi igeuzwe aeleze kwa maneno yake. Akirudia maneno ya karatasi neno kwa neno, hajaelewa, au sentensi haieleweki. Fanya hivyo kwa watu sita: wawili waliokaa zaidi ya miaka 15, wawili wa katikati, wawili wa mwaka wa kwanza. Wakitofautiana kuhusu tendo, rekebisha sentensi kabla ya kuanza kurekebisha watu.

Tendo likishakubalika halibadiliki kwa umri wa mtu. Kinachobadilika ni njia ya kulifikisha, mfano unaotumika, na nani analisema.

Heshima na kusema

Hapa ndipo umri unapokuwa na nguvu za kweli kazini kwetu, na ndipo kampuni nyingi hupita haraka. Tunu kama Uwazi, Usalama Kwanza au Kuwajibishana humtaka mdogo amkosoe mkubwa. Malezi ya wengi yanamwambia asifanye hivyo, hasa mbele za watu. Kampuni ikiandika "Semeni bila woga" na kuishia hapo, imemwachia kijana wa miaka 23 kazi ya kuvunja adabu aliyofundishwa nyumbani, na imemwachia fundi wa miaka 57 aibu ya kusahihishwa na mtoto.

Chukua mashine ya kusaga ambayo kinga ya mkanda imefunguliwa wakati wa matengenezo na haijarudishwa. Fundi mkuu anataka kuiwasha, uzalishaji umechelewa. Msaidizi wake ameona. Kuna njia tatu ambazo hushindwa. Kwanza, kijana ananyamaza. Pili, anapiga picha na kuituma kwenye kundi la kazi. Kinga itarudishwa, lakini fundi ameaibishwa mbele ya watu 80 na hatamfundisha tena kijana yule kitu. Tatu, anaandika kwenye sanduku la maoni, ambalo litafunguliwa mwisho wa mwezi.

Kinachofanya kazi ni kuwapa wote wawili maneno kabla ya siku yenyewe. Kijana anafundishwa kusogea karibu na kusema: "Mzee, samahani, naomba tusiwashe kwanza. Kinga ya mkanda bado iko chini." Ndani yake mna heshima, ombi la kusimama, na kitu kinachoonekana kwa macho. Hamna "umesahau", hamna "sheria inasema". Mkubwa naye anafundishwa jibu lake, na hili la pili ndilo kampuni huliruka: "Ahsante, hebu tuifunge." Maelezo mengine yaje baadaye. Mkubwa akianza na "Unanifundisha kazi mimi?", tunu imekufa kwenye kitengo hicho kwa mwaka mzima, kwa maana waliosikia watawasimulia na waliokuwa likizo.

Kuna sharti moja: hatari ikiwa ni ya papo hapo, mkono uko karibu na mkanda au mtu yuko juu ya ngazi, yeyote anabonyeza swichi ya dharura au anapaza sauti "Simama!" bila samahani na bila mzee. Lisemwe wazi, mbele ya wakubwa wenyewe, na wao ndio waliseme. Mafundi wakongwe wanne au watano wakisema kwa vinywa vyao, "Ukiona hatari, nisimamishe, sitakuona huna adabu," inafika mbali kuliko hotuba ya mkurugenzi, kwani ruhusa imetoka kwa mwenye heshima inayoogopwa kuvunjwa.

Mazoezi yafanywe kwa makundi ya watu sita hadi wanane wenye umri mchanganyiko na kazi inayofanana, dakika 15 mpaka 20, tukio moja tu kila mara. Kundi likizidi kumi, wadogo hunyamaza. Anayeongoza amuulize mdogo kwanza angefanya nini, kisha mkubwa, kwa sababu mkubwa akishasema wengi hawatapingana naye. Mkuu wa kitengo asikae kwenye zoezi la kwanza.

Upande wa pili nao usisahauliwe. Vijana wana malalamiko ya haki kuhusu heshima inayokwenda njia moja: kutumwa maji na chai kwa sababu tu ya umri, kuitwa "dogo" mbele ya mteja, kazi yao kuwasilishwa kwa jina la mwingine. Kama tunu ni Kuheshimiana, matendo yake yaandikwe pande zote mbili. Mfano mmoja wa kuandika: aliyeandaa ripoti ndiye anayeiwasilisha, au jina lake linatajwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Njia zinazofika na zinazopotea

Barua pepe yenye kiambatisho cha kurasa 30 huwafikia walio na kompyuta. Dereva, mlinzi, mpishi na mwendesha mashine hawana anwani ya kampuni, au wanayo na hawajaifungua tangu wapewe. Kwao mahali penyewe ni mkutano wa mwanzo wa zamu. Dakika tano: tukio moja la wiki iliyopita, tendo lililofanywa au lililokosekana, swali moja. Msimamizi akisoma tunu zote tano kila asubuhi zitageuka wimbo, na baada ya wiki mbili watu wataimba huku wakifunga buti.

WhatsApp inatumiwa na wa miaka 57 kama wa miaka 23, lakini haitumiwi vilevile. Ujumbe wa sauti wa chini ya dakika moja, kwa sauti ya mtu wanayemjua, humfaa asiyependa kusoma maandishi madogo na aliye barabarani. Video ya megabaiti 90 inakula bando la mfanyakazi. Kama ni lazima, ioneshwe kantini kwa intaneti ya kampuni. Ujumbe kuhusu tunu ukitumwa saa nne usiku huku tunu mojawapo ikiwa ni Kujali Watu, umeshajipinga wenyewe. Na majibu 60 ya "Ahsante bosi" yenye vidole gumba si ushahidi kwamba kuna aliyeelewa. Ni ushahidi kwamba watu wanajua bosi anaangalia.

Bango lina kazi yake ikiwa limebandikwa pale tendo linapofanyika. Sentensi ya upungufu wa mzigo ikae juu ya meza ya kupokelea, kwa herufi zinazosomeka kutoka hatua mbili. Ukuta wa mapokezi waachiwe wageni.

Njia yenye nguvu kuliko zote ni msimamizi wa karibu, na ndiyo inayoandaliwa vibaya zaidi. Mara nyingi anasikia tunu mpya siku ileile na watu wake, kisha anaulizwa maswali asiyoyaweza. Akutane na uongozi angalau wiki mbili kabla, apewe nafasi ya kubisha, na aondoke na majibu ya maswali matatu ambayo lazima yataulizwa: je, hili linawahusu wakurugenzi pia? Je, tunu za zamani zilikuwa na kosa gani? Na nikifuata tunu nikakosa lengo la mwezi, itakuwaje?

Swali la lengo la mwezi

Hilo la tatu halina jibu la maneno. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilikuwa na kijitabu kizima cha dira na tunu kilichomweka mteja mbele. Ilikuwa pia na malengo makali ya mauzo kwa wahudumu wa matawi. Septemba 2016 ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi walifungua akaunti nyingi bila idhini ya wateja, na takriban watu 5,300 walikuwa wamefukuzwa kwa miaka kadhaa kwa sababu hiyo. Kijitabu kilisomwa. Lengo ndilo lililolipa mshahara.

Mfanyakazi wa umri wowote husoma maamuzi kabla ya kusoma mabango: nani amepandishwa cheo, nani amepewa onyo, nani alifanya kosa lilelile akaachwa kwa kuwa analeta mauzo. Kwa hiyo kabla ya kuzindua tunu, uongozi ukae na orodha ya kamisheni, vigezo vya kupanda cheo na maamuzi ya nidhamu ya miezi 12 iliyopita, utafute pale vinapogongana na tunu. Muuzaji anayelipwa kwa katoni zilizotoka tu, bila kuangalia zilizorudishwa, ataambiwa Uadilifu na ataendelea kumbebesha muuza duka mzigo usiouzika. Badilisha hesabu ya kamisheni kwanza, ndipo uongee.

Ukishazitangaza, ujue zitatumika kukupima. Tanzania ina mfano wake. Kifungu cha 15 cha Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, kilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani wakakichukua wakawapimia mameneja wao, na miaka iliyofuata ikaja na migomo iliyodai, pamoja na mambo mengine, namna meneja anavyozungumza na watu. Uongozi usio tayari kuulizwa kwa tunu zake usizitangaze bado.

Kuna pia mpaka wa kisheria. Tunu si kanuni ya nidhamu. Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007 zinataka kanuni inayomwadhibu mtu iwe ya busara, iliyo wazi, aliyoijua au aliyetarajiwa kuijua, na inayotumika kwa usawa. Mwajiri anayekwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akiwa na hoja kwamba mfanyakazi "alikiuka tunu ya Uadilifu" amekwenda mikono mitupu; anapaswa kuonesha kanuni mahususi iliyovunjwa. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka mfanyakazi aelezwe sababu za kutaka kumwachisha kazi kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua. Neno "kwa usawa" lina uzito hasa kwenye umri: mkongwe akisamehewa kwa heshima na kijana akaandikiwa barua ya onyo kwa kosa lilelile, kampuni imeshindwa kisheria na imeshindwa mbele ya wafanyakazi wake.

Kupima baada ya siku 90

Usiulize watu wazitaje tunu. Wape matukio matatu yaliyotokea kweli kwenye kazi yao, majina yakiwa yameondolewa, kila moja na majibu manne yanayowezekana, na moja kati yake liwe jibu ambalo wengi hulifanya ingawa halitakiwi. Karatasi zisiwe na majina. Uliza umri kwa makundi mapana, miaka ya kazi, aina ya mkataba, zamu na msimamizi. Kundi lenye watu chini ya watano lisitolewe matokeo peke yake, maana atajulikana nani kasema nini.

Kisha soma majibu kwa mpangilio huu: kwa msimamizi kwanza, kwa zamu, kwa mkataba, na umri mwishoni. Zamu ya usiku ikiwa imejibu tofauti na ya mchana, kuna uwezekano mkubwa mkutano wa mwanzo wa zamu haufanyiki usiku. Vibarua wakiwa wamejibu tofauti, angalia kama waliitwa kwenye mazoezi. Mara nyingi huachwa nje kwa hoja kwamba si wa kudumu, ilhali ndio wanaopokea mzigo. Majibu yakiwa bado yametawanyika kwa umri baada ya hayo yote, rudi kwenye tukio lililowagawa, uliitishie kundi lenye wa miaka 57 na wa miaka 23 kwenye meza moja, na uanze kwa kumuuliza mdogo.